HABARI, MAELEZO NA HOJA: MABISHANO JUU YA THELUJI YA KILIMANJARO

Mwezi wa Mei, 1849, gazeti jipya lilipigwa chapa mjini London, jina lake Church Missionary Intelligencer, na katika toleo lake la kwanza ilitiwa habari ya safari ya Padre Johannes Rebmann, Mjerumani wa nchi ya Württemberg, aliyekwenda kwa miguu kutoka Rabai, karibu na Mombasa, mpaka nchi ya Wachaga. Katika habari hiyo yalikuwamo maneno machache juu ya mlima wenye kichwa cheupe. Maneno hayo machache yaliwatia wataalamu wa Ulaya katika mabishano yaliyodumu zaidi ya miaka kumi, mengine yenye akili na mengine yenye hasira tu. Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu mabishano hayo. Mlima wenyewe wengi wanaujua, na wako wanaouona kila asubuhi wafunguapo mlango. Lakini katika maneno yaliyosemwa juu yake limo funzo la mantiki, yaani elimu ya kupima maneno, ambalo latufaa barazani, katika mikutano ya wazee, na hata nyumbani: jinsi ya kumtambua mtu atoaye habari, na mtu aelezaye sababu ya jambo, na mtu aletaye hoja.

Tuanze na maneno yenyewe, maana lugha yetu ina mitego yake. Katika hoja kuna neno moja ambalo bado lina shaka, na chini yake yamewekwa maneno mengine ili yalichukue, kama nguzo zinavyochukua paa. Mtu akisema, “Chui alipita hapa usiku, kwani nyayo zake zimo katika tope penye mto,” ameleta hoja. Kupita kwa chui hatukukuona, nyayo twaziona, basi nyayo zinaletwa mbele yetu ili tukubali kwamba chui alipita. Lakini mtu mwingine akisema, “Mbwa walibweka usiku kucha kwa sababu chui alipita,” huyu hakuleta hoja. Kwamba mbwa walibweka hakuna akanaye, maana kijiji kizima hakikulala. Yeye ametueleza tu asili ya kelele zile. Na wa tatu akisema, “Chui alishuka kilimani, akapita penye mto, akamkamata mbuzi, akaenda zake,” huyo ametoa habari. Hakuthibitisha neno wala hakueleza kwa nini. Ametuambia yaliyotukia, nasi tutamsadiki au tutamkataa kwa kadiri tumjuavyo.

Ugumu ni huu, kwamba maneno ya kuunga ni yale yale katika hoja na katika maelezo. “Kwa sababu” hutumika huku na huku. Na neno “basi” ni la ujanja zaidi. Msimulizi wa hadithi hulitia kila avutapo pumzi: basi sungura akaenda, basi akamkuta fisi, basi wakafuatana, na hapo halifungi hoja yo yote, ni la kuisukuma hadithi tu. Lakini mwenye hoja akisema, “Nyayo hizi ni za chui, basi chui alipita,” neno lile lile limekuwa kamba ifungayo ushahidi na jambo linaloshuhudiwa. Tena iko ile “-ka-” yetu, iliyo tamu sana katika masimulizi. “Alikunywa dawa ya mzee yule, akafa.” Msemaji ametaja mambo mawili yaliyofuatana, wala hakusema kwamba moja lilizaa la pili, walakini msikilizaji mwenye haraka amekwisha kusikia ya kuwa dawa ndiyo iliyoua, na ya kuwa mzee ni mwuaji. Wako watu waliofukuzwa vijijini mwao kwa ajili ya herufi hizo mbili.

Kwa hiyo asiangalie mtu maneno ya kuunga peke yake. Ajiulize hivi: katika maneno niliyoambiwa, ni lipi ambalo mimi na msemaji tulikuwa tumekwisha kupatana kabla hajafungua kinywa, na ni lipi alitakalo nilikubali sasa? Kama lile lenye shaka linategemezwa juu ya lile lililokubaliwa, hiyo ni hoja. Kama lile lililokubaliwa ndilo linalotafutiwa chanzo chake, hayo ni maelezo. Na kama hakuna neno linaloegemea jingine, basi ni habari, au ni amri, au ombi, au sifa.

Mambo haya yalichunguzwa zamani sana na Aristotle, Myunani aliyeishi kati ya mwaka wa 384 na wa 322 kabla ya Kristo. Yeye aliandika kwamba sala ni maneno yenye maana kamili, walakini si kweli wala si uongo, kwa hiyo haiwezi kuingia katika kazi ya kuthibitisha. Na mahali pengine alitoa mfano wa nyota ziitwazo sayari, ambazo mwanga wake hutulia wala haumetimeti kama wa nyota nyingine. Mtu akisema, “Sayari zi karibu nasi, kwani hazimetimeti,” athibitisha ukaribu wake kwa jambo aonalo kwa macho. Akigeuza na kusema, “Hazimetimeti kwa sababu zi karibu nasi,” aeleza chanzo cha jambo lile. Maneno ni yale yale, yamebadilishana mahali tu, na kazi yake imegeuka kabisa. Mfano huo ni mdogo, nasi twauona kuwa bora kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa baadaye juu ya jambo hili.

Sasa twende Rabai. Padre Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka ule ule akamzika huko mkewe na mtoto wao mchanga. Rebmann alimfuata mwaka wa 1846, nao wakajenga Rabai. Waswahili wa Mombasa waliofanya biashara ya pembe walikuwa wakienda bara siku nyingi, na kwao Wazungu wale wawili walisikia habari za mlima mkubwa wa Uchagani, uliosemwa kuwa wa fedha na dhahabu, tena wenye majini. Rebmann alipotaka kwenda huko, Liwali wa Mombasa alimwonya kirongozi wake, Bwana Kheri, asimruhusu kuupanda mlima ule. Alisema kwamba waliojaribu kuupanda waliuawa na majini, mikono yao na miguu ikakakamaa, na baruti zao zikakataa kushika moto.

Tuyapime maneno ya Liwali kabla ya kuyacheka. Ndani yake mna habari na mna maelezo. Habari ni hii: watu walipanda, wakafa, viungo vyao vikakakamaa. Maelezo ni haya: majini ndiyo yaliyowaua. Mtu aweza kuyakataa majini yote pasipo kuzikataa maiti. Wengi wa wale waliozisikia habari hizi Ulaya hawakupambanua. Waliposikia neno la majini wakatupa kila kitu pamoja, kama mtu amwagaye maharagwe kwa kuwa yamechanganyika na mawe.

Rebmann aliondoka Rabai tarehe 27 Aprili, 1848, pamoja na Bwana Kheri na wapagazi wachache. Hakuchukua silaha, mkononi alikuwa na mwavuli. Walipita Taita, na asubuhi ya tarehe 11 Mei, yapata saa nne, milima ya Uchaga ikaonekana waziwazi, na juu ya mmoja Rebmann akaona kitu kama wingu jeupe la kung’aa. Akamwuliza kirongozi wake ni nini. Bwana Kheri akajibu kwa neno moja tu: baridi. Hapo Rebmann akatambua ya kuwa ile ni theluji.

Ukurasa ule wa kitabu chake cha safari ni wa ajabu kwa mtu anayejifunza kupambanua maneno, maana aina zote zimekaa pamoja kama watoto wa mama mmoja. Kwanza yako masimulizi: tarehe, saa, mahali, alichokiona. Kisha aandika ya kwamba hadithi zote alizozisikia juu ya mlima wa fedha na juu ya watu waliouawa na majini sasa zimemfahamikia, kwa kuwa baridi kali ingewaua upesi watu wasioizoea, wenye nguo chache. Hayo ni maelezo. Vifo havina shaka kwake, chanzo chake ndicho akitafutacho, akakiondoa kwa majini na kukiweka kwa baridi. Kisha aliketi kupumzika, akafungua Biblia yake penye Zaburi ya 111, akamshukuru Mungu kwa uwezo wa matendo yake. Hiyo ni sifa, haithibitishi neno la jiografia, wala yeye hakuitoa kwa kusudi hilo.

Na hoja iko wapi? Iko, ila ni fupi, tena imejificha ndani ya masimulizi, nayo yataka kuokotwa. Tukiikusanya yasema hivi: kitu kile ni cheupe cha kung’aa, kiko juu sana, mtu aliyekwisha kwenda Uchagani mara nyingi hakukiita wingu wala jiwe, amekiita baridi, na mimi niliyezaliwa Württemberg na kusoma Basel, Uswisi, nimeiona theluji tangu utoto, basi kitu kile ni theluji. Hoja hii haikuwa kamili kama hesabu, maana kwa mbali macho hudanganyika. Lakini ilikuwa nzuri. Na sisi twaona ya kuwa nguzo iliyo imara kupita zote ni lile neno la Bwana Kheri. Yeye hakuwa na jina la theluji, na kwa kuwa hakuwa na jina, alikitaja kitu kwa jinsi kinavyomwumiza mtu akikikaribia. Wingu halitajwi hivyo.

Katika safari zake nyingine za Uchagani, mwisho wa mwaka wa 1848 na mwaka wa 1849, Rebmann alipata zaidi. Alijifunza kwamba Wachaga wanayo jina ya kile kichwa cheupe, nao wakiita Kibo. Aliambiwa kwamba kitu kile cheupe kikiletwa chini hugeuka maji. Tena alisikia habari ya Mangi Rengua wa Machame, ambaye zamani alipeleka watu waende wakatazame kama kile ni fedha, na kati yao akarudi mmoja tu, mikono yake na miguu imeharibika. Wasomaji watazame jinsi habari hii moja ilivyo na kazi mbili. Mtu akiuliza, “Mbona yule mtu wa Machame alikuwa kilema?” nasi tukajibu, “Kwa sababu ya baridi ya theluji,” tumeeleza. Mtu akiuliza, “Mwajuaje kwamba ile ni theluji?” nasi tukajibu, “Kwa kuwa ikishuka yageuka maji, na aliyeifikia amerudi viungo vyake vimeharibika,” tumeleta hoja. Ni kama sayari za Aristotle. Na hapa ndipo hatari ilipo: haiwezekani kufanya kazi zote mbili kwa pamoja na kwa mtu yule yule. Kama msikilizaji wangu haikubali theluji, siwezi kumweleza ukilema kwa theluji kisha nikamthibitishia theluji kwa ukilema, nikadhani nimepata mashahidi wawili. Nimezunguka mti tu.

Mwaka wa 1849, tarehe 3 Desemba, Padre Krapf naye, akiwa Kitui katika Ukambani, aliuona mlima wa Kenya wenye theluji. Na habari hizo mbili zilipofika Ulaya, akainuka mtu wa London, Bwana William Desborough Cooley.

Cooley hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma vitabu vya Wareno na vya Waarabu kuliko karibu watu wote wa zamani zake, na mwaka wa 1845 alikuwa ametoa maandiko marefu juu ya ziwa kubwa la bara, akitumia kati ya mashahidi wake habari alizopewa na Mswahili mmoja wa Unguja aliyefika Uingereza. Afrika yenyewe hakuitia mguu hata siku moja. Mwaka wa 1852 akatoa kitabu chake Inner Africa Laid Open, na humo akaikataa theluji. Kwake theluji ya Rebmann ilikuwa kitu cha kuwaza zaidi ya kitu cha kuonwa. Tena akatia shaka macho yake Rebmann, na kusema masimulizi yake hayana vipimo.

Na tumtendee haki. Baadhi ya maswali hayo yalikuwa mema. Rebmann alitoa habari, na mtu anayetoa habari yafaa aulizwe: ulikuwa mbali kadiri gani, uliona kwa muda gani, macho yako ni mazima, nani mwingine aliona? Hiyo ndiyo njia ya kumpima shahidi. Ni kweli kwamba Rebmann hakuupima urefu wa mlima. Lakini Cooley alivuka mpaka bila kujua. Kutoka katika neno, “Theluji haijathibitishwa vya kutosha,” alihamia katika neno, “Theluji haiko.” Haya mawili hayafanani hata kidogo. La kwanza lahitaji tu kuonyesha udhaifu wa mashahidi. La pili ni tamko jipya lenye kudai nguzo zake lenyewe, naye nguzo hizo hakuwa nazo. Barazani twaona jambo hilo kila siku: mashahidi wa mdai wakichanganyikiwa, mdaiwa hushangilia kana kwamba amethibitisha ya kuwa ng’ombe ni wake.

Neno lililopendwa na watu wengi waliocheka habari ile lilikuwa hili: nchi ile iko chini ya jua kali, karibu na mstari wa ikweta, basi haiwezi kuwa na theluji. Hiyo ni hoja ya kweli kwa umbo lake, si dhihaka tu. Lakini ina nguzo moja iliyofichwa, ambayo msemaji hakuitamka kwa kuwa alidhani hakuna awezaye kuikana, nayo ni kwamba mahali po pote karibu na ikweta, hata juu angani kadiri gani, ni pa joto. Nguzo hiyo ilikuwa imekwisha kuvunjika muda mrefu kabla ya Rebmann kuzaliwa. Katika karne ya 18 Wafaransa waliotumwa kupima dunia walikaa miaka mingi katika milima ya Andes, penye ikweta yenyewe, wakaandika juu ya theluji isiyokwisha. Mwaka wa 1802 Alexander von Humboldt alipanda sana mlima wa Chimborazo, katika nchi iitwayo sasa Ekwado, ingawa hakufika kileleni. Mlima huo uko kusini ya ikweta kwa digrii moja na nusu tu, na Kilimanjaro iko digrii tatu. Mtu apandapo mlima, joto hupungua kadiri ya digrii sita kwa kila mita 1,000. Mombasa joto la wastani ni kama digrii 26. Kilele cha Kibo kina mita 5,895. Msomaji mwenye kalamu atoe hesabu mwenyewe, ataona kwamba juu kule maji hayawezi kukaa ila yameganda. Wataalamu wa Ulaya walikuwa na habari za Chimborazo katika makabati yao. Walishindwa kuziona kwa kuwa nguzo iliyofichwa haikutajwa, na nguzo isiyotajwa haichunguzwi.

Jambo jingine latuumiza zaidi kidogo. Wale waliokataa waliandika mara nyingi juu ya macho ya Mzungu mmoja au wawili, kana kwamba theluji yote ilining’inia katika macho hayo. Mashahidi wengine, yaani wafanya biashara wa Mombasa na Wachaga wanaoishi chini ya mlima, maneno yao yalihesabiwa hadithi. Na Cooley, aliyeukubali ushahidi wa Mswahili juu ya ziwa, hakuukubali juu ya mlima. Sababu aliyokuwa nayo ya kupambanua kati ya hao na yule ingalifaa itamkwe, ili nayo ipimwe. Ni kweli kwamba maneno ya Wachaga yalifika Ulaya yamevaa nguo za majini na fedha. Lakini mtu wa Machame aliyesema, “Kikiletwa chini chageuka maji,” hakusimulia hadithi. Alitoa habari ya jambo lililojaribiwa kwa mkono.

Mabishano hayakuisha kwa maneno. Mwaka wa 1861 Baron Carl Claus von der Decken alikwenda Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, Mwingereza mwenye elimu ya mawe, wakaupima mlima kwa vyombo, wakaona kwamba urefu wake watosha kabisa kuchukua theluji. Cooley hakuyaacha maneno yake hata hapo. Mwaka wa 1862 von der Decken akarudi pamoja na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia huko juu. Mwaka wa 1871 Padre Charles New wa Ribe alifika penye theluji yenyewe, akaishika kwa mikono yake. Na mwezi wa Oktoba, 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakakanyaga kilele. Rebmann hakuishi kuona hayo ya mwisho. Alikaa Rabai mpaka mwaka wa 1875, akarudi kwao akiwa kipofu, akafa mwaka wa 1876. Na yale macho yaliyotiwa shaka mjini London yalikuwa yameona sawasawa siku ile ya Mei.

Mtu atasema, ikiwa mwisho wake ni kupanda na kushika, hoja zilikuwa na faida gani? Faida yake ni kwamba von der Decken hakwenda kwa kubahatisha. Alikwenda kupima hasa jambo lile ambalo mabishano yalionyesha kuwa halijapimwa, yaani urefu wa mlima. Swali la Cooley, lilipotengwa na dhihaka zake, lilimfundisha msafiri achukue chombo gani.

Siku hizi theluji ile ile imeleta mabishano mapya, na watu wanayachanganya kwa namna ile ile ya zamani. Mwaka wa 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea kilomita za mraba zaidi kidogo ya 11. Mwaka wa 2011 zilizosalia zilikuwa pungufu ya 2. Hiyo ni habari, imetokana na ramani na picha, nayo yaweza kukaguliwa na mtu ye yote mwenye subira. Juu ya chanzo chake wataalamu wameleta maelezo ambayo hayalingani yote. Wako watajao joto la dunia lililoongezeka. Wako wasemao kwamba hewa ya Afrika ya Mashariki ilianza kukauka tangu mwisho wa karne ya 19, theluji mpya ikapungua, na jua likaendelea kuila barafu ya zamani pasipo kurudishiwa. Na wako waunganishao mawili hayo, kwa kuwa joto la bahari ndilo ligeuzalo mvua. Mtu akisikia wataalamu wanabishana hivyo, asikimbilie kusema kwamba kupungua kwenyewe hakujathibitishwa. Wanabishana juu ya kwa nini. Juu ya kama iko au haiko wamekwisha kupatana. Na mzee wa Uchagani akisema, “Barafu imepungua kwa sababu misitu ya chini imekatwa na mvua zimepotea,” asijibiwe kwa picha za mwaka wa 1912, maana hakuna alichokikana. Aulizwe juu ya misitu, na juu ya mvua, ni wapi na tangu lini.